Kichomi cha Watu Wazima: Maradhi ya Nimokoki kutoka Kambi za Migodi hadi Pweto

Neno kichomi limetokana na kitenzi choma, na katika Kiswahili lina maana mbili zinazofuatana: kwanza maumivu makali yanayodunga ubavuni, pili ugonjwa wa mapafu ambao maumivu hayo ni dalili yake. Kwa upande wa dalili, neno hili limechaguliwa vizuri mno. Mtu mzima aliyeshikwa na nimonia iletwayo na nimokoki aghalabu hueleza jambo lilelile lililohifadhiwa na neno: alitetemeka kwa baridi ghafla, homa ikapanda, na kila alipovuta pumzi alihisi kama anadungwa kisu upande mmoja wa kifua. Lakini lugha inapoyaita maradhi kwa jina la maumivu yake, chanzo chake hubaki kimefichika. Mjini Lubumbashi muuguzi huandika pneumonie, kwa Kifaransa, katika karatasi ya mgonjwa, ilhali jamaa waliomleta husema kwamba kifua kimemshika au kwamba amepigwa na baridi. Majina hayo, la hospitali, la maumivu na la hali ya hewa, huongoza kwenye matendo tofauti. Anayesema nimonia hutafuta dawa. Anayesema baridi hutafuta blanketi na kusubiri.

Makala haya yanakusudia kueleza maradhi hayo ni nini kwa mtu mzima, nani yumo hatarini, na tiba yake hufanya kazi vipi, kwa kuangalia hasa Pweto na nchi ya Katanga inayoizunguka. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Sehemu kubwa ya elimu iliyopo duniani kuhusu kuwakinga watu wazima na nimokoki ilipatikana katika miili ya wachimba migodi wa Kiafrika, na watu wa bonde la Luapula na Ziwa Mweru walikuwa miongoni mwa waliopelekwa migodini. Kinga iliyozaliwa huko leo hupewa wazee wa Ulaya na Marekani, lakini haimo katika chanjo za kawaida anazopewa mtu mzima wa Pweto.

Bakteria na koti lake

Nimokoki ni bakteria za mviringo ambazo chini ya hadubini huonekana mbilimbili, kama punje zilizogandana. Zilitambuliwa mwaka 1881 na watu wawili ambao hawakufanya kazi pamoja: Louis Pasteur nchini Ufaransa na George Sternberg nchini Marekani. Sternberg alizipata katika mate yake mwenyewe, naye alikuwa mzima wa afya. Jambo hilo ni la msingi. Nimokoki huishi nyuma ya pua na kooni mwa watu wengi bila kuwadhuru, hasa watoto wadogo, nao huwaambukiza wakubwa kwa kukohoa, kupiga chafya na kukaa pamoja kwa karibu. Bibi anayemlea mjukuu hupokea bakteria hizo mara nyingi kabla ya siku moja kuugua kwa sababu yake, na huenda asiugue kamwe.

Maradhi huanza pale bakteria zinaposhuka mapafuni na ulinzi wa mwili ukashindwa kuzifagia. Vifuko vya hewa hujaa usaha na maji, na hapo ndipo kichomi hupatikana. Kutoka mapafuni zinaweza kuingia katika damu, na kutoka katika damu zikafika kwenye utando unaofunika ubongo, zikasababisha homa ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo sura mbaya kuliko zote za maradhi haya. Katika hospitali za Malawi, ambako jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, karibu nusu ya watu wazima wanaolazwa kwa homa ya uti wa mgongo ya nimokoki hufariki hata wakipewa dawa.

Siri ya bakteria hii ni koti la sukari linaloizunguka. Koti hilo huifanya iteleze mbele ya chembe nyeupe za damu zinazojaribu kuimeza. Mwili ukijifunza kulitambua koti huweza kujilinda, lakini makoti si ya namna moja: aina zaidi ya 100 zimekwisha kutambuliwa, na kinga dhidi ya aina moja kwa kawaida haisaidii dhidi ya nyingine.

Wageni wa kambi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini iliwasili na mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ukaanzishwa. Mwaka uliofuata tanuri za kuyeyusha shaba zikawashwa. Wafanyakazi walitafutwa mbali: katika bonde la Luapula pande zote mbili za mpaka, Lomami, na baadaye Ruanda-Urundi. Katika kambi hizo nimonia ilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa, na ilikuwa na tabia moja iliyowashangaza waganga wa wakati ule: iliwaua hasa wageni, katika miezi yao ya kwanza. Aliyemaliza mwaka kambini alikuwa na nafuu.

Hali hiyohiyo ilionekana, kwa kiwango kikubwa zaidi, katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Huko watu waliotoka kaskazini ya latitudo ya 22 walikufa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuwaajiri. Maelezo yaliyotolewa yalihusu nchi walikotoka. Ilisemwa kwamba watu wa nchi za joto hawawezi kustahimili baridi, yaani kosa lilikuwa katika miili yao. Maelezo hayo yalimfaa mwajiri, kwani kama kosa limo mwilini mwa mfanyakazi, basi halimo katika nyumba aliyolazwa.

William Gorgas, daktari wa Kimarekani aliyekuwa amepata sifa katika ujenzi wa mfereji wa Panama, aliitwa kuichunguza migodi hiyo, na katika ripoti yake ya mwaka 1914 alielekeza macho kwingine. Huko Panama aliona nimonia ikipungua pale wafanyakazi walipotoka katika mabweni na kuishi na jamaa zao katika vibanda vilivyotawanyika. Alishauri kila mtu apewe nafasi kubwa zaidi ya kulala, na familia ziruhusiwe. Elimu ya leo inamwunga mkono kwa sehemu kubwa. Mtu aliyekulia katika kijiji chenye nyumba chache kando ya Mweru amekutana na aina chache za nimokoki. Anapoingizwa usiku mmoja katika bweni la watu waliotoka pembe zote za Afrika ya Kati, anakutana na aina ambazo mwili wake haujapata kuziona, naye amechoka kwa safari, hajala vya kutosha, na ameanza kazi ngumu katika nchi tambarare ya juu ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Baridi ilikuwamo, ila haikuwa peke yake, wala si ya kwanza.

Union Minière yenyewe ilibadili mwendo mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi kuja na wake zao. Haifai kulifanya jambo hilo kuwa huruma. Kumwajiri mtu, kumsafirisha na kumpoteza baada ya miezi minne ni hasara, na mahesabu yalionyesha hivyo. Hata hivyo vifo vilipungua. Kambi hizo za familia ndizo pia zilizokikuza Kiswahili cha Katanga hadi kikawa lugha ya nyumbani, si ya kazini tu. Lugha na bakteria zote mbili husambaa kwa kukaa karibu.

Walio hatarini leo

Kambi za aina hiyo zimepita, lakini orodha ya walio hatarini haikufupika. Wa kwanza ni mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kabla ya dawa za kupunguza makali kuenea, hatari yake ya kupatwa na nimokoki katika damu ilizidi ya mtu mwingine kwa makumi ya mara, na hata akitumia dawa vizuri hatari hupungua bila kwisha. Hufuata mwenye ugonjwa wa selimundu, ambaye bandama yake huharibika mapema. Kiungo hicho ndicho chujio la damu linalozikamata bakteria zenye koti, na bila hicho mtu anaweza kuwa mzima asubuhi na kuwa mahututi usiku. Kisukari, maradhi ya moyo, ya ini na ya figo huongeza hatari, na umri pia, hasa baada ya miaka 65. Pombe kali, na lutuku ya Katanga imo humo, hudhoofisha kinga na kumfanya mlevi aliyelala avute mapafuni yaliyomo kooni. Sigara huharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa.

Kuna hatari moja isiyojulikana sana ambayo Lubumbashi inaihusu mno. Moshi wa chuma kinachochomelewa huongeza uwezekano wa nimonia ya nimokoki, kiasi kwamba nchini Uingereza wachomeleaji wamewekwa katika kundi linalostahili chanjo. Anayetembea katika barabara za Lubumbashi huwakuta vijana wakichomelea milango na madirisha kando ya njia, miwani ya jua machoni, pua wazi. Kazi yao na jina la ugonjwa unaowanyemelea yanatoka katika kitenzi kimoja.

Vumbi la mawe nalo huacha alama ya kudumu. Mwaka 2003 Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliokuwa ukiitwa wa hiari. Waliokuwa na umri wa miaka 45 wakati huo sasa ni wazee, mapafu yao yamebeba miaka mingi ya vumbi, na matibabu ya kampuni waliyoyategemea wao na familia zao yamebaki kumbukumbu. Nafasi yao katika uchimbaji imechukuliwa kwa sehemu na wachimbaji wadogo wasio na daktari wa kampuni tangu mwanzo.

Pweto ina mambo yake. Mji huo uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, mahali ambapo mto Luvua hutoka ziwani. Zambia i karibu, na Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga, iko mamia ya kilomita kwa barabara ambayo masika huiharibu. Wanawake wanaokausha samaki kwa moto hukaa katika moshi kwa saa nyingi. Ushahidi kwamba moshi wa kuni huwaletea watu wazima nimonia si thabiti kama ule wa sigara, lakini hakuna anayedai kwamba mapafu yanaupenda. Zaidi ya moshi, Pweto imejua kukimbia. Mwezi Desemba mwaka 2000, vita vilipoufikia mji, watu kwa maelfu walivuka kuingia Zambia, na wengi waliishia katika kambi za Kala na Mwange kwa miaka. Kambi ya wakimbizi, kwa upande wa nimokoki, inafanana na bweni la mgodi: wageni wengi, njaa, nafasi ndogo.

Siku ya saba na siku ya kwanza

Kabla ya dawa kupatikana, nimonia ya nimokoki ilikuwa na mwendo uliojulikana. Homa ilikaa juu kwa muda wa juma moja hivi, kisha, kwa mgonjwa mwenye bahati, ikashuka ghafla katika saa chache, jasho likamtoka, akalala usingizi na kuamka akiomba chakula. Wakati huo mwili ulikuwa umekwisha kutengeneza kinga dhidi ya koti la bakteria. Inawezekana kwamba desturi ya kusubiri ilipata nguvu yake hapo. Aliyesubiri akapona aliishi kuwasimulia wengine kwamba ugonjwa huu huondoka wenyewe siku ya saba. Aliyesubiri akafa hakusimulia kitu.

Dawa ya sulfapiridini ilianza kutumika mwaka 1938, na penisilini ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilionekana kwamba jambo limekwisha. Chanjo zilizokuwa zimetengenezwa Marekani katika miaka ya 1940 ziliachwa kwa kukosa wanunuzi. Ndipo mwaka 1964 Robert Austrian na Jerome Gold walipochapisha hesabu za hospitali moja ya Brooklyn zilizozima furaha hiyo. Penisilini iliwaokoa wengi, lakini miongoni mwa wagonjwa waliokufa katika siku tano za kwanza dawa haikuonekana kuwa imebadili lolote. Walikuwa wamefika wakati madhara yamekwisha kutendeka. Kutokana na hesabu hizo, tiba bora ya maradhi haya hupimwa kwanza kwa saa, kisha kwa dawa.

Kwa hiyo dalili za hatari zinafaa kujulikana na mtu yeyote anayeuguza. Mtu mzima anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika akiwa amepumzika, aliyechanganyikiwa asijue alipo, au ambaye shinikizo lake la damu limeshuka, yuko katika hatari ya kufa na anastahili hospitali siku hiyohiyo. Umri wa miaka 65 au zaidi huongeza uzito. Dalili mbili za kwanza hazihitaji chombo zaidi ya saa na macho. Mzee anaweza kuwa na nimonia kali bila homa wala kikohozi cha maana, akaonyesha tu kuropoka na kukataa chakula. Hali hiyo husemwa kuwa ni uzee, au uchawi, na siku mbili hupotea.

Mtego mwingine ni malaria. Pweto ni nchi ya malaria, na kila homa hupewa jina hilo. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, mgonjwa hupewa dawa yake na kurudishwa nyumbani. Lakini watu wengi wa nchi hiyo wana vimelea damuni bila kuugua, na kuwapo kwa malaria hakufuti nimonia. Homa yenye kichomi na pumzi za haraka inapaswa kutibiwa kifua pia. Kwa upande mwingine, kikohozi cha majuma mawili au zaidi kinadai makohozi yapimwe kifua kikuu.

Dawa zenyewe si za ajabu. Nimonia isiyo kali hutibiwa kwa amoksilini ya kumeza, kwa kawaida kwa siku tano. Kali hutibiwa kwa sindano za penisilini au seftriaksoni, pamoja na oksijeni kwa aliyepungukiwa. Homa ya uti wa mgongo huhitaji seftriaksoni bila kuchelewa. Kipimo ni cha mganga kuamua, na katika Katanga neno hilo humaanisha mtu wa hospitali. Ugumu uko kwingine. Nimokoki isiyosikia penisilini ipasavyo ilitambuliwa mwaka 1967 huko Australia, na mwaka 1977 mjini Durban zikapatikana zilizoshinda dawa kadhaa kwa pamoja. Katika sehemu nyingi za Afrika, kotrimoksazoli sasa ni silaha butu dhidi yake. Vidonge vinavyouzwa rejareja sokoni, vinne leo na vingine fedha ikipatikana, huziua bakteria dhaifu na kuziachia nafasi zilizo sugu. Ni rahisi kumlaumu anayenunua. Asiye na fedha za kozi nzima hakuchagua kununua nusu yake.

Chanjo na wenyewe

Mwaka 1911 wenye migodi ya Witwatersrand walimwalika Almroth Wright kutoka London kujaribu chanjo ya nimokoki zilizouawa juu ya maelfu ya wafanyakazi Waafrika. Matokeo yake hayakueleweka, kwani hakujua kwamba bakteria ni za aina nyingi. Spencer Lister, aliyebaki Afrika Kusini, ndiye aliyezipambanua aina hizo kutoka kwa wagonjwa wa migodini na kutengeneza chanjo kwa kuzifuata. Austrian alipotaka kuthibitisha chanjo yake mpya ya makoti matupu katika miaka ya 1970, alirudi kulekule, kwa wachimba dhahabu wapya, kwa sababu ileile iliyowaua babu zao: hakuna mahali ambapo watu wazima waliugua nimokoki kwa wingi namna hiyo. Chanjo ilizuia karibu visa vinne katika kila vitano vya aina zilizomo ndani yake. Marekani iliiruhusu mwaka 1977, ikiwa na aina 14, na mwaka 1983 ikaruhusu ile ya aina 23. Mwaka 2024 washauri wa serikali ya Marekani walishusha umri wa kuchanjwa, sasa kwa chanjo mpya zaidi, hadi miaka 50.

Yaliyofaa kwa wachimbaji hayakufaa kwa kila mtu. Huko Entebbe, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba chanjo ya aina 23 haikuwakinga watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, na waliochanjwa walipata nimonia zaidi kuliko wasiochanjwa. Miaka kumi baadaye utafiti wa Malawi ulijaribu chanjo ya namna nyingine, ambayo koti la bakteria limeunganishwa na protini, kwa watu wazima waliokwisha kuugua nimokoki mara moja, wengi wao wakiwa na virusi hivyo. Hiyo iliwakinga kwa takriban robo tatu. Ni chanjo ghali, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya watoto.

Kwa watoto imefika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza kuitoa mwaka 2011, ikiwa na aina 13, katika majuma ya 6, 10 na 14 ya maisha, na Kenya ilianza na yake, ya aina 10, mwaka huohuo. Huko Kilifi watafiti waliofuatilia hospitali kwa miaka waliona maradhi makali ya nimokoki za aina hizo yakipungua kwa watoto waliochanjwa, na pia kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa kamwe, kwa kuwa watoto waliacha kuzibeba kooni. Kinga ya namna hiyo hutegemea wingi wa watoto waliokamilisha dozi zote tatu. Huko Pweto, dozi hizo hutegemea barafu ya kuhifadhia chanjo, pikipiki na mafuta, na mama anayetembea mara tatu hadi kituo cha afya akiwa na mtoto mgongoni. Bibi aliyebaki nyumbani akikausha samaki hana chanjo nyingine ila hiyo.